Mwaka wa korona na wanafunzi wa udaktari: walichokihofu sicho tulichodhani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ofisi ndogo ya kamati ya msikiti wetu hujaa wazazi wanaotafuta barua za utambulisho kwa ajili ya vijana wao wanaoomba vyuo. Kazi yenyewe ni nyepesi: twaandika jina, twathibitisha kuwa familia hiyo twaifahamu, kisha twagonga muhuri. Msimu huu alitujia mzee mmoja mwenye haja ya kinyume. Binti yake amefaulu vizuri katika fizikia, kemia na baiolojia, na anataka kusomea udaktari. Mzee hakuja kutaka barua. Alikuja kututaka tumsaidie kumzuia. Awe mwalimu, awe mhasibu, hata awe mfamasia, lakini udaktari hapana. Tulipomuuliza sababu alijibu kwa neno moja: korona.

Hatukumwona kuwa mwoga. Mwaka 2021 alimzika kaka yake, naye ni miongoni mwa waliokesha wakihangaikia mtungi wa oksijeni. Alikuwa pia na habari aliyoihifadhi moyoni tangu Desemba 2020, ya daktari kijana wa nchini Kenya, mwenye umri wa miaka 28, aliyefariki kwa ugonjwa huo baada ya kuwahudumia wagonjwa, hali ya kuwa mshahara wake ulikuwa haujalipwa kwa miezi kadhaa wala hakuwa na bima ya afya. Mzee akatuuliza: Je, mtoto huyo wangekuwa ni wa kwenu?

Tulimwomba atupe siku chache. Katika jamaa zetu wamo wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, ambao mwaka 2020 walikuwa wanafunzi wa udaktari katika vyuo mbalimbali vya nchi hii, na sasa ni madaktari. Tulikaa na kila mmoja kwa wakati wake, tukamuuliza jambo moja: mwaka ule, uliiona vipi kazi uliyokuwa ukiisomea? Kwa ombi lao hatutaji majina wala vyuo.

Ili kuwaelewa, yafaa kukumbuka siku mbili za mwezi Machi mwaka ule. Tarehe 17, serikali ya Italia ilitoa amri iliyofuta mtihani wa taifa ambao wahitimu wa udaktari walilazimika kuufaulu kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Kwa hatua hiyo moja madaktari wapya wapatao 10,000 walifunguliwa mlango wa hospitali. Siku hiyo hiyo, jumuiya ya vyuo vya udaktari ya Marekani ilishauri kinyume chake: wanafunzi waondolewe wodini kwa muda. Nasi hapa Tanzania, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, tulizifunga shule tarehe 17 na vyuo vikuu tarehe 18. Taaluma ni moja na maradhi ni yale yale, lakini kijana wa Milano aliambiwa aingie upesi, na kijana wa Dar es Salaam akaambiwa afungashe mizigo arudi kwao.

Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Barakoa na mavazi ya kinga yalikuwa machache duniani kote, na mwanafunzi anayesimama nyuma ya mkufunzi kando ya kitanda hutumia barakoa ambayo muuguzi anaihitaji zaidi. Isitoshe, aweza kuyachukua maradhi kutoka wodi hii kwenda ile. Lakini sababu njema haizuii mtu kuumia, na hapa ndipo tulipoanza kusikia tusilolitarajia. Tulidhani watatusimulia hofu ya kufa. Wote wanne walianza kwa kutusimulia aibu.

Binti mmoja alikuwa mwaka wa nne. Alifika nyumbani kwao na begi, koti jeupe likiwa limekunjwa ndani, na kwa siku za mwanzo hakulitoa. Anasema alijiona kama askari aliyepewa likizo siku vita ilipoanza. Majirani nao hawakumwacha apumzike. Tangu alipochaguliwa kujiunga na chuo mtaa mzima ulikuwa ukimwita daktari (sisi tukiwamo, na tukijiona twampa heshima). Sasa walikuja mlangoni na maswali. Kupiga nyungu kunasaidia? Malimau na tangawizi vinatosha? Mama mwenye kisukari asali tarawehe nyumbani au msikitini? Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, na kila alasiri, akiwa jikoni anatayarisha futari, aliitwa uani kumsikiliza mtu anayekohoa. Aliyajua machache: kunawa mikono, kukaa mbali, kuvaa barakoa, na dalili za mgonjwa wa kukimbizwa hospitali bila kuchelewa. Mengine hakuyajua, wala wakati ule hata maprofesa wake hawakuyajua. Alijifunza kusema hajui, na hilo, asema, lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote wa anatomia.

Kijana wa pili tunamkumbuka sisi wenyewe, kwa kuwa kisa chake kilitokea mikononi mwetu. Alikuwa mwaka wa tano, amebakiza miezi michache amalize. Usiku mmoja wa Aprili alifariki mzee wa mtaa wetu nyumbani kwake baada ya kuugua kifua kwa siku chache. Hakuwa amepimwa. Waosha maiti wetu, watu wazima wenye uzoefu wa miaka mingi, walisimama barazani wakitazamana. Mmoja akapendekeza tuache kuosha, tutayamamu. Fiqhi tuliijua: maji yakikosekana, au kuosha kukiwa na madhara, iko nafasi ya tayamamu. Lakini kama madhara yapo au hayapo, hilo si swali la fiqhi. Ni swali la daktari, na saa ile ya usiku daktari hatukuwa naye. Tulikuwa na mwanafunzi.

Alikuja na simu yake, akatusomea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Machi 24 kuhusu maiti za ugonjwa huo. Akatueleza kwamba kwa yaliyojulikana hadi siku ile, maiti hii si kama ya Ebola. Kwamba inaweza kuoshwa kwa stara, waoshaji wakiwa wachache, wavae glavu, barakoa na aproni isiyopenya maji, na wanawe vizuri wakimaliza. Na kwamba wanaostahili kuogopwa zaidi ni waliojazana sebuleni wakilia na kukumbatiana. Kisha akasema ataingia nao. Marehemu akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Mwaka ule tulimsifu kwa ushujaa. Tulipozungumza naye wiki iliyopita alitukosoa. Hakuogopa kuambukizwa usiku ule, asema. Hakupata hata nafasi ya kuwaza hilo. Aliogopa kwamba huenda ameusoma vibaya ule mwongozo, na kwamba wazee watano wenye watoto na wajukuu wameingia chumba kile kwa kuamini neno lake. Kwa wiki mbili alikuwa akiwahesabu kila swala ya alfajiri, mmoja mmoja, kwenye safu. Hapo, anasema, ndipo alipoijua kazi anayoiendea. Kabla ya hapo alikuwa akiijua mitihani yake tu.

Vyuo vilifunguliwa Juni mosi. Wanne wote walirudi, na hofu walizorudi nazo zilifanana. Msichana wa pili, ambaye aliishi kwao na kwenda chuoni kwa daladala, alikuwa na bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Alihamia chumba cha uani. Nguo za wodini alizifua mwenyewe kando, na kwa miezi kadhaa hakumbusu bibi yake mkono, akimwamkia kutoka mlangoni. Bibi alidhani mjukuu amekasirishwa na jambo. Binti anatuambia kwamba alikuwa tayari kuugua yeye. Asichoweza kukistahimili ni kuwa yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa ndani. Wazazi wanaodhani watoto wao hawakuwafikiria walipokazana kurudi wodini, waisome sentensi hiyo mara mbili.

Je, hawakuwa na hofu ya kufa kabisa? Walikuwa nayo, na walikuwa na sababu. Mwishoni mwa Machi zilienea simuni habari za madaktari wa mwanzo kufariki nchini Uingereza: Habib Zaidi, mwenye asili ya Pakistan, Adil El Tayar na Amged El-Hawrani, wenye asili ya Sudan, na Alfa Saadu wa Nigeria. Wote wanne Waislamu, wote wahamiaji, wote waliendelea na kazi yao wakati wengine wakijifungia. Nchini Italia, kufikia katikati ya Aprili, madaktari waliofariki walikuwa wamepita 100. Vijana wetu waliyajua majina hayo kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji mpira. Mmoja wao, yule mvulana wa mwisho tuliyezungumza naye, alikiri kwamba kwa mwezi mzima alifikiria kuhamia kozi nyingine, na kwamba hakumwambia mtu, kwa kuwa baba yake alikuwa ameuza kiwanja kumsomesha. Hatuoni aibu kulichapa hilo. Alibaki, na hakubaki kwa sababu ya kiwanja. Alituambia alibaki kwa sababu ya hasira: aliona kwamba wengi katika wale waliofariki hawakuuawa na kazi, bali na kukosa kinga. Wakati huo madaktari wa Uingereza walikuwa wakilalamika hadharani kuhusu uhaba wa mavazi ya kinga. Kule Kenya, mwezi ule ule aliofariki kijana wa miaka 28, madaktari waligoma kuanzia Desemba 21, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kinga na bima.

Hoja hii tunaiona kuwa ndiyo kiini. Mzee wetu alipokuja ofisini alitaja pia hadithi ya Mtume (SAW) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo ikiwa umo ndani. Akasema, basi daktari si anaingia kwa miguu yake? Tukamkumbusha upande wa pili wa hadithi hiyo hiyo. Imamu Ghazali, alipoeleza hekima ya kuwakataza watu kutoka, alitaja kwamba wazima wakiruhusiwa kuondoka wote, wagonjwa hawatabaki na wa kuwahudumia. Kwa hiyo wa kubaki na mgonjwa lazima awepo. Lakini tukaongeza, na hili ni letu: kubaki na mgonjwa si kubaki bila glavu. Anayempeleka kijana kwa wagonjwa mikono mitupu, kisha akimzika akamwita shahidi, ana jawabu la kutoa mbele ya Allah.

Korona yenyewe, wanasema madaktari wetu wanne, haikuwa mwanzo wa hatari. Mwanafunzi wa wodini anaweza kuchomwa na sindano iliyotumika, anaweza kuvuta kifua kikuu, anaweza kuambukizwa homa ya ini aina ya B. Hatari hizi zina kinga zake, na mzazi anayo haki ya kuziulizia chuoni kabla hajalipa ada: chanjo ya homa ya ini itatolewa lini, na anayechomwa na sindano atapata wapi dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, ambazo hutakiwa kuanza mapema na kabla ya saa 72 kupita. Tukiri kwamba sisi wanakamati tumeandika barua za utambulisho kwa miaka na hatujapata kumwambia mzazi yeyote aulize hayo.

Jambo moja lilitushangaza sana. Nchini Marekani, mwaka wa masomo uliofuata mlipuko, maombi ya kujiunga na vyuo vya udaktari hayakupungua. Walioomba waliongezeka kwa karibu asilimia 18 na kuvuka 62,000. Uingereza nako waombaji waliongezeka. Wengine watasema ni kwa sababu vijana walifungiwa majumbani na hawakuwa na la kufanya ila kujaza fomu, na huenda limo kweli ndani yake. Ila binti wa mzee wetu alikuwa shule ya sekondari mwaka ule. Tulipomuuliza yeye, na tulipaswa kumuuliza mwanzo, alisema udaktari aliuchagua usiku baba yake alipokuwa akihangaikia mtungi wa oksijeni.

Jambo hilo baba yake alikuwa hajalisikia. Juzi baada ya Isha tuliwakutanisha wawili hao na yule kijana wa usiku wa maiti, ambaye sasa yuko hospitali ya wilaya. Walikaa barazani mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Hatukukaa karibu. Tulimsikia mzee mara moja tu alipopaza sauti, akiuliza katika mwaka wa tarajali nani anagharimia matibabu ya daktari akiugua, na kijana akaanza kumwandikia kwenye karatasi ofisi za kwenda kuuliza na maswali ya kupeleka.

Barua ya utambulisho tumeiandika na muhuri tumegonga. Mahali pa sahihi ya mzazi pangali wazi hadi tunakwenda mitamboni. Mzee ameondoka na ile karatasi mfukoni.