Anayekaa Dawati la Nyuma

Wanaosikia kwamba kazi yangu ni kuingia madarasani na kuwatazama walimu wakifundisha hudhani mimi ni mkaguzi. Wazazi hudhani hivyo, watoto nao hivyo hivyo, na walimu wapya ndio hasa. Kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake, mwalimu mgeni huwa ameshanipangia mezani azimio la kazi, andalio la somo na rundo la madaftari yaliyosahihishwa. Namshukuru, navisogeza kando kidogo, kisha namuuliza: "Mwalimu, leo ungependa nikuangalizie nini?"

Wengi hukaa kimya kwanza. Hawajawahi kuulizwa. Tangu waanze kazi, kila aliyeingia darasani mwao na kalamu mkononi alikuja kutafuta kosa.

Mimi ni Afisa Elimu Kata mkoani Simiyu, na kabla ya hapo nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Zamani cheo hiki kiliitwa Mratibu Elimu Kata. Nchini Kenya wanaofanya kazi inayofanana na yangu ni waajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, na huwasaidia walimu katika utekelezaji wa mtaala. Marekani zipo shule zinazoajiri mtu kwa kazi hii tu, kocha wa walimu. Majina ni mengi, lakini kazi ni ile ile: kukaa na mwalimu katika darasa lake, pamoja na watoto wake, na kumsaidia abadilishe jambo moja katika ufundishaji wake mpaka libadilike kweli. Mkaguzi, ambaye siku hizi tunamwita mthibiti ubora wa shule, hupima na kuandika taarifa. Tunamhitaji. Ila taarifa yake, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haimwonyeshi mwalimu afanye nini kesho asubuhi na mtoto wa safu ya nyuma asiyejua herufi.

Fundi seremala kijana hukaa na fundi wake miaka, akishika mbao, akikosea, akisahihishwa papo hapo. Mwalimu akihitimu chuo hupewa chaki na darasa la watoto zaidi ya mia, mlango unafungwa, basi.

Dawa tuliyoizoea ni semina. Walimu huitwa wilayani, hukaa ukumbini siku kadhaa, hupewa daftari, kalamu na posho, kisha hurudi vituoni. Sizidharau semina, nimejifunza mengi humo. Shida huanza Jumatatu. Ukumbini kulikuwa na watu wazima waliotulia. Darasani kuna watoto ambao nyumbani huzungumza Kisukuma tu, vitabu haviwatoshi, na ile mbinu mpya inakwama kipindi hakijafika nusu. Hakuna wa kumuuliza. Wiki haiishi mwalimu ameshairudia njia aliyofundishwa nayo yeye mwenyewe utotoni. Watafiti wawili wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, waliliandika jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980: mwalimu anaweza kuielewa mbinu vizuri, hata kuionyesha mbele ya wenzake, na bado asiitumie darasani kwake kama hakuna wa kumfuata huko huko.

Nieleze ziara moja ilivyokwenda, maana kazi hii ukiieleza kijumla haieleweki.

Shule iko ng'ambo ya korongo ambalo mvua zikinyesha halipitiki kwa pikipiki. Mwalimu alikuwa binti wa mwaka wa pili kazini, darasa la kwanza, watoto 112. Nilipomuuliza nimwangalizie nini, alijibu bila kusita: "Madam, watoto wangu wakisoma ubaoni wanasoma vizuri, nikiwapa kitabu hawawezi. Sijui kwa nini." Nilifurahi. Mwalimu mwenye swali la namna hiyo ameshafika katikati ya safari.

Nilikaa dawati la nyuma, nimebanana na watoto wanne. Akaandika ubaoni ma, me, mi, mo, mu, akashika fimbo ya kuonyeshea, na darasa zima likaitika kwa mahadhi mpaka bati likatetemeka. Mtu aliyepita nje angesema watoto hawa wanasoma. Mimi niliuacha ubao, nikatazama macho ya jirani zangu. Mmoja alikuwa akitazama mbuzi nje ya dirisha, huku anaimba ma me mi mo mu bila kosa hata moja. Mwingine alikodolea mdomo wa mwenzake, akimfuata kwa kuchelewa kidogo.

Kwenye daftari langu nilikuwa nimechora ramani ya darasa: kila dawati kisanduku, kila mtoto nukta. Kila mara mwalimu alipomtaja mtoto ajibu peke yake, nilitia alama kwenye nukta yake. Nilihesabu pia sekunde kati ya swali na jina. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza masomo mengi ya sayansi yaliyorekodiwa na kukuta kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtoto mwingine au kujijibu mwenyewe. Walimu wakijizuia wakasubiri sekunde 3, watoto hujibu kwa maneno mengi zaidi, na wale waliozoea kunyamaza huanza kujaribu. Sekunde 3 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Zihesabu mbele ya watoto mia, utaona.

Kengele ilipolia, watoto wakaenda kwenye uji, sisi tukakaa chini ya mti. Hapo ndipo kazi yangu ilipo hasa, na ina utaratibu wake: mwalimu huanza kusema, mimi hufuata. "Umelionaje somo lako, mwalimu?" Alisema watoto walichangamka. Nikampa ile ramani, nikanyamaza. Akaitazama. Karibu alama zote zilikuwa kwenye madawati matatu ya mbele, upande wa dirisha.

"Hawa ndio wanaonyosha mikono," akasema. Kisha akapitisha kidole mpaka chini ya ukurasa. "Huku nyuma sijafika kabisa."

Ningelisema mimi neno hilo, angelisikia kama lawama, na angetumia muda uliobaki kujitetea. Alilisema mwenyewe, kwa hiyo mazungumzo yakaenda moja kwa moja kwenye nini kifanyike.

Tukarudi kwenye swali lake. Nilimuuliza ingekuwaje kama angeanza na mu badala ya ma. Tukaamua kujaribu. Baada ya mapumziko aliandika mo, ma, mu, me, mi bila mpangilio na kugusa moja moja kwa fimbo. Fimbo ilikuwa kwenye mo, watoto wanaimba ma. Fimbo ikahamia ma, wao wameshafika me. Jibu la swali lake likawa wazi kwetu sote wawili: watoto walikuwa wameshika wimbo, na kitabu hakina wimbo ule. Aliniomba nifundishe mimi kipindi kilichofuata ili aone. Nikafundisha. Tulikusanya vizibo vya soda, tukaandika silabi kimoja kimoja, kila kundi likapewa vyake, na watoto wakaanza kuvipanga wenyewe: mama, mimi. Mtoto akikosea kizibo, anakihamisha. Hakuna wa kumwimbia.

Tuliagana tukiwa tumekubaliana jambo moja: silabi zitachanganywa kila siku, na kila kipindi watoto wa safu za nyuma watasoma mmoja mmoja. Niliona mengine mengi siku ile. Kwa mfano, nusu ya darasa ilisema "kalatasi" badala ya karatasi, kwa sababu Kisukuma hakina sauti ya r na ulimi wa mtoto bado haujaizoea. Hilo niliacha liwe la ziara nyingine. Mwalimu akipewa mambo saba kwa siku moja huondoka na uchungu, na kesho yake hafanyi hata moja.

Niliporudi, alama kwenye ramani mpya zilikuwa zimetapakaa. Alikuwa amebuni jambo ambalo sikumfundisha: majina ya watoto yameandikwa kwenye vijiti ndani ya kopo, anachomoa kimoja, mwenye jina anasoma, na hakuna anayejua zamu ni ya nani. Ndipo tukaigusa r. Tulichora picha mbili, sahani ya ugali na sanduku la kupigia kura, tukaandika kula na kura, na watoto wakawa wanasikiliza na kuonyesha picha. Mtoto anayesema l kwa r hachekwi. Ameongeza lugha ya pili akiwa na miaka 6.

Kwa walimu wakongwe mambo huenda tofauti. Katika kata yangu yupo mwalimu aliyeanza kufundisha mimi nikiwa bado nacheza rede. Kwake naanza kwa shikamoo na sianzi kwa ushauri. Namwomba anionyeshe anavyowafundisha watoto kushika penseli na kuumba herufi, kwa sababu watoto wa darasa lake wana mwandiko ambao sijauona kwingine. Nimewapeleka walimu vijana wakamtazame. Baada ya hapo ndipo yeye mwenyewe aliponiuliza habari za vizibo.

Je, haya yote yana ushahidi nje ya kata moja ya Simiyu? Upo, na ninaoupenda zaidi umetoka Afrika Kusini. Katika Jimbo la North West, kuanzia 2015, shule 50 zilipata maandalio ya masomo na vitabu vya kusomea Kisetswana, na walimu wao wakapelekwa semina. Shule nyingine 50 zilipata maandalio na vitabu vile vile, ila walimu wao hawakuitwa ukumbini kwa semina ndefu. Makocha waliwafuata madarasani. Baada ya miaka 2 watoto wa makundi yote mawili walisoma vizuri kuliko wa shule zilizoachwa zilivyo, lakini faida ya waliopata makocha ilikuwa karibu mara mbili. Baadaye, Mpumalanga, walilinganisha kocha anayefika shuleni na kocha anayesaidia kwa simu na kishikwambi katika kufundisha Kiingereza. Anayefika ndiye aliyeleta faida kubwa zaidi. Nawaambia hayo wanaopendekeza kwamba siku hizi kazi yangu inaweza kufanywa kwa WhatsApp.

Kenya walilifanya jambo hili nchi nzima kupitia mpango wa Tusome, ulioingia shuleni mwaka 2015. Maafisa walipewa vishikwambi. Kila somo walilolitazama walilirekodi, na baada ya somo waliwasikiliza watoto watatu wakisoma. Nauli zao zilirudishwa kwa kufuata ziara zilizorekodiwa. Nauli inaonekana jambo dogo, lakini afisa asiye na mafuta ya pikipiki hutembelea shule iliyo jirani na ofisi yake, na ile ya ng'ambo ya korongo husubiri.

Kwetu Tanzania upimaji wa mwaka 2013 ulituumiza: kwa kila watoto 100 wa darasa la pili, 8 tu ndio walioweza kusoma na kuelewa kwa kiwango cha darasa lao. Ukafuata mtaala mpya wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mwaka 2015, na mpango wa EQUIP-Tanzania ukawapa maafisa elimu kata wa mikoa kadhaa, Simiyu ikiwemo, pikipiki na fedha za kuziendesha. Sasa tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji na kujadili kinachowasumbua. Naipenda MEWAKA kwa sababu mimi siwezi kuwa kila shule kila wiki. Kopo la vijiti lilisambaa katani kwa njia hiyo, mimi sipo.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Afisa Elimu Kata ana kazi mbili zinazovutana. Ndiye msaidizi wa mwalimu, na ndiye msimamizi wake. Mimi hukusanya takwimu, husimamia mitihani, hufuatilia ujenzi wa vyumba vya madarasa na chakula cha shuleni, hushughulikia utoro wa walimu. Mwalimu atanionyeshaje anachoshindwa, ilhali anajua kalamu hii hii inaweza kuandika barua ya kumtaka ajieleze? Njia niliyoipata ni kutenganisha siku. Siku ya darasa siulizi habari za mahudhurio wala sahihi za kitabu cha kuingilia. Na ukurasa wenye ramani nauchana, namwachia mwalimu. Sibaki na nakala. Walimu wanalijua hilo, na ndiyo sababu wananiita.

Lakini huo ni utaratibu wangu mwenyewe. Kesho nikihamishwa unaweza kuhama nami. Ningetaka siku za darasa zitengwe rasmi katika ratiba ya kila afisa, na zisiliwe na ripoti zinazotakiwa "leo kabla ya saa nane". Ningetaka pia kila halmashauri ijue tofauti ya ziara ya kusaini kitabu cha wageni na ziara ya kukaa kipindi kizima, kwa sababu kwenye taarifa ya mwezi zote mbili huhesabiwa moja. Tafiti 60 zilizounganishwa na Matthew Kraft na wenzake mwaka 2018 zilionyesha kwamba makocha huleta mabadiliko makubwa katika ufundishaji, ila faida hupungua mipango inapokuwa mikubwa. Sishangai. Mpango ukikua, kitu cha kwanza kukatwa ni yale mazungumzo ya chini ya mti, kwa kuwa hayana fomu.

Wazazi nao wana nafasi. Kwenye vikao vya kamati ya shule tunauliza kuhusu madawati, vyoo na michango, na ni haki yetu. Katika kikao kijacho ongeza swali moja kwa mwalimu mkuu: ni nani aliyekaa mara ya mwisho na mwalimu wa darasa la kwanza kipindi kizima, walikubaliana kubadilisha nini, na atarudi lini kuona?