Bundi wa Simi-Simi na daftari la parsele



Katika ofisi ya kanisa letu hapa Simi-Simi kuna kaye ya shule ya kurasa 100, ambayo jalada lake limeliwa na mende pembeni. Wanaoiandika ni wamama wa kanisa, nasi tunaiita daftari la parsele. Ndani yake hakuna hesabu ya sadaka wala majina ya wabatizwa. Kuna tarehe, na kando ya kila tarehe kitu kilichoonekana uani kwa mtu: mwembe umetoa maua, kumbikumbi wameruka, mvua imenyesha baada ya siku kumi na moja bila tone, ndege wa manjano wameanza kusuka viota kwenye mchikichi wa nyuma ya nyumba. Ndugu waliopita hapa kutoka Bunia, Butembo na Goma wametuuliza kazi yake ni nini. Tutaieleza, na tutaeleza pia siku lilipotolewa ofisini likasomwa barabarani.

Kwanza tuondoe wazo moja. Mgeni anayetoka Bukavu, aliyezoea kiangazi cha Juni hadi Agosti na vumbi lake, akikaa kwetu miezi miwili husema, "Huku hakuna majira, ni mvua tu." Tunamwelewa. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, inapata zaidi ya milimita 1600 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Huongezeka Aprili na Mei, hupungua katikati ya mwaka, hurudi kwa nguvu Septemba hadi Novemba, kisha hupungua tena, na Januari ndiyo yenye mvua kidogo kuliko miezi mingine. Mtu mwenye mwavuli huenda asitambue tofauti hiyo. Mti unaitambua.

Hilo limepimwa, tena karibu nasi. Ukishuka Mto Kongo karibu kilomita mia moja unafika Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1958 wafanyakazi wa kituo walipita msituni kila wiki, mti kwa mti, wakiandika kama una maua, kama una matunda, kama matunda yanaanguka, kama majani yanapukutika. Miti iliyofuatiliwa ilikuwa karibu 2000. Fikirini: zaidi ya miaka 20, kila wiki, kwa kalamu, pamoja na vita kuu ya pili ya dunia katikati. Makaratasi hayo yalikaa miaka mingi bila kutumika, mpaka watafiti walipoyapiga picha, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakaketi mbele ya kompyuta zao kunakili zile alama moja moja, katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Ikaonekana kwamba msitu wetu una utaratibu wake, na kwamba nyakati za mvua kidogo ndizo ambazo miti mingi hubadilisha majani.

Vipimo vya hali ya hewa vya Yangambi, vya 1960 hadi 2020, navyo vimeonyesha kwamba joto limepanda na kwamba tofauti kati ya kipindi cha mvua na kipindi cha ukavu imekuwa kali zaidi. Kwa mama anayepanda mahindi mwezi wa tatu kwa sababu mama yake alipanda mwezi wa tatu, hiyo ni habari nzito. Tarehe aliyorithi ilikuwa nzuri kwa mvua ya wakati ule.

Sisi hatuna miti 2000. Tuna parsele, na parsele ya Simi-Simi ni ndogo: nyumba, choo, mwembe au mwavoka mmoja, mchikichi, mipapai, mistari ya lenga-lenga na matembele, sombe pembeni. Kwa hiyo tulianza na vitu vitano tu ambavyo kila nyumba inavyo au inaviona. Mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, wakati uani panafagiliwa kwa ajili ya Jumapili, mtu mmoja wa nyumba anatazama vitu hivyo vitano na kuandika. Kama hakuna kitu, anaandika "hakuna". Hili la "hakuna" lilitupa shida kuliko yote, maana watu waliona aibu kuleta karatasi yenye neno hilo wiki nne mfululizo. Lakini usipojua ni lini kitu hakikuwepo, hutajua ni lini kilianza.

Mvua tunaipima kwa kopo la nyanya lenye ukuta ulionyooka, limewekwa mbali na paa na mti, na rula ya mtoto wa shule. Maji yakifika milimita 10 ndani ya kopo, kila mita ya mraba ya bustani imepokea lita 10. Lisomwe mapema asubuhi, kabla jua halijayapunguza maji na kabla kuku hawajayanywa. Kuku wetu wameharibu vipimo vingi.

Sheria ya pili ni safu mbili katika kila ukurasa. Ya kwanza inasema "Tumeona", ya pili "Tunadhani". Majani ya muhogo yamekunjamana na kuwa na madoa ya manjano: hilo tumeona. Jirani ametia mkono wake: hilo, kama mtu analazimika kuliandika, liende safu ya pili, nalo libaki pale mpaka lipate ushahidi. Torati ilikuwa imetangulia, maana Kumbukumbu la Torati 19:15 linataka mashahidi wawili au watatu kabla neno halijathibitishwa juu ya mtu.

Na tumeona nini? Mbayuwayu wenye koo jekundu, wanaotoka Ulaya na kuvuka Sahara, waliandikwa kwanza mwezi wa Oktoba, wamepangana juu ya nyaya ambazo siku nyingi hubeba mbayuwayu kuliko umeme. Mwezi wa Aprili wakaandikwa "hakuna". Nabii Yeremia, sura ya 8, mstari wa 7, aliwasifu ndege wa namna hiyo kwa kujua wakati wao wa kuja, akawalaumu watu wake wasiojua yaliyowapasa. Katika shule ya theolojia tulihubiri mstari ule kwa mitihani, tukachambua Kiebrania chake, na hatukuwahi kutoka nje kumtazama mbayuwayu mmoja. Tunaungama.

Safu, mti wa matunda ya zambarau ambao ndugu wa Kivu huenda hawaujui, umetuchekesha. Kamerun matunda yake huiva katikati ya mwaka. Kinshasa huiva mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Sisi tuko kati, na katika avenue moja miti miwili inayotazamana haikubaliani. Viwavi vya kuliwa havitoki katika parsele zetu bali msituni, lakini beseni za wauzaji barabarani, kuanzia mwezi wa saba au wa nane, nazo ni kalenda, hivyo tunaziandika.

Faida kubwa ya chakula imetoka kwa panzi. Mnamjua: ana rangi za manjano, nyeusi na kijani, ananuka ukimshika, na akija kwa wingi anaacha shina la sombe tupu. Wakubwa wanakula huku na huku, kwa hiyo kuwafukuza ni kazi bure. Lakini majike hukusanyika pamoja mahali penye kivuli na udongo laini ili kutaga, na mayai hukaa ardhini sentimita chache tu kwa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Kule Naijeria, ambako panzi huyu alichunguzwa sana, wakulima walifundishwa kuandika mahali pa kutagia na kuyafukua mayai yakaushwe na jua. Wamama wetu wawili walikumbuka mahali pale kwa sababu walikuwa wamepaandika: chini ya mwavoka, upande wa choo. Walichimba kwa jembe asubuhi moja, kuku wakamaliza kazi, safari hii kwa faida. Msimu uliofuata parsele zile mbili zilikuwa na sombe ya kuuza. Hatusemi kwamba parsele mbili ni utafiti. Tunasema sombe ilikuwepo.

Sasa tuje kwa bundi.

Mwaka wa pili wa daftari, mwezi wa saba, mtoto wa miaka minne alifariki katika nyumba moja karibu na kanisa. Alikuwa na homa kwa siku tano, akapelekwa hospitalini akiwa amechelewa, na huko walisema ni malaria. Katika usiku ule wa homa bundi alilia kwenye mwembe mkubwa wa parsele ya pili, ambayo ni ya mama mjane, mtu mzima, mshiriki wetu wa meza ya Bwana. Mnajua kilichofuata, maana kinatokea kwenu pia. Siku ya tatu ya kilio vijana walikuwa barabarani na mapanga na shoka. Wengine walitaka mti. Wengine walitaka mwenye mti.

Tulifika pale wachungaji wawili na mama kiongozi wa wamama, na mama ndiye aliyekumbuka daftari. Akamtuma binti yake akalilete. Alisoma kwa sauti mistari ya mwaka uliotangulia, kuanzia mwisho wa Juni: bundi, usiku, mwembe wa mama fulani, bundi wawili, wanajibizana, bundi, tena. Majuma matano. Kisha akauliza ni nani aliyekufa katika avenue ile mwaka ule, majuma yale. Hakuna aliyekuwa amekufa. Akauliza nani alikuwa ameandika mistari ile. Mingine ilikuwa ya mkono wa mama wa marehemu mwenyewe, ambaye alikuwa katika zamu ya kuandika.

Tuliongeza machache tuliyoyajua. Bundi huyu, wa kahawia, mwenye macho meusi na asiye na manyoya yaliyosimama kama masikio, hutaga ndani ya tundu la mti. Dume huita na jike hujibu, hasa wakati wa kuzaliana, na makinda hubaki yakilishwa na wazazi kwa muda mrefu hata baada ya kutoka kiotani. Chakula chake kwa sehemu kubwa ni wadudu, na ukitafuta chini ya mti utakuta vitonge alivyotapika vyenye mabawa ya mbawakawa. Kijana mmoja alikwenda kutafuta, akarudi navyo mkononi. Tulisema pia kwamba Walawi 11 inamtaja bundi kati ya ndege wasioliwa, wala haimtaji popote kama mtumwa wa mchawi. Na kwamba amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo hata mtu akiwa na uchungu.

Tungependa kuandika kwamba wote walirudi nyumbani. Wengi walirudi. Baba wa mtoto alibaki amesimama, akatuambia, "Mchungaji, daftari halimrudishi mtoto wangu." Hatukuwa na jibu, na hatulitafuti hapa. Usiku huo huo mwembe ulikatwa nusu na watu ambao hatukuwaona. Mama mjane alikwenda kukaa kwa binti yake ng'ambo ya mto, Lubunga, akakaa miezi mitatu.

Tulipokaa tena na daftari, tuliona kosa letu. Tulikuwa na mistari ya bundi, ya maua na ya mvua, lakini hatukuwa na mstari hata mmoja juu ya maji yaliyotuama. Nyuma ya nyumba ya marehemu palikuwa na shimo la matofali lililojaa tangu mvua za Mei, na mbu wa malaria huzaliana katika maji ya namna hiyo, kutoka yai hadi mbu anayeruka katika siku kumi hivi. Kila mmoja wetu alikuwa amepita kando yake akielekea kumtazama bundi. Sasa maji yaliyotuama ni kitu cha kwanza kati ya vile vitano, na anayeyaona haandiki tu, anachukua koleo. Baba wa mtoto alikuja kusaidia kufukia shimo lile. Hakusema neno, nasi hatukumsemesha.

Ndugu wa makusanyiko ambao wanataka kuanza, msinakili vitu vyetu vitano. Kwenu kuna senene, kuna ukungu wa asubuhi, kuna maua ya kahawa yanayofunguka pamoja baada ya mvua. Anzeni na vinavyoonekana mlangoni kwenu, na mpeni kalamu mtu anayefagia uani, maana ndiye anayeviona. Kwetu mchungaji ameandika mistari saba tu kwa miaka mitatu, na miwili kati yake ilikuwa na tarehe yenye makosa.

Mama mjane amerudi katika parsele yake. Mwembe umechipua upande uliobaki, ingawa lile tundu lilikwenda na upande uliokatwa. Zamu ya mwezi uliopita ilikuwa yake. Jumamosi ya pili aliandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika siku zote: "Bundi, saa nne usiku, ng'ambo ya barabara. Mmoja tu."