Mazimwi ya Mfukoni: Mama Asiyekamatika
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna mchezo wa Pokémon unavyochezwa: mtoto hutoka kwao na zimwi moja dogo, hupita misitu na miji, huwarushia mpira viumbe wa mwituni, na kiumbe aliyekwisha kudhoofishwa humezwa na mpira ule akawa wake. Tulisema pia kwamba Satoshi Tajiri, ambaye pamoja na wenzake wa kampuni ya Game Freak aliutoa mchezo huo Japani mwaka 1996, alikuwa utotoni mkusanyaji wa wadudu, na ya kuwa furaha ya kuwasaka wadudu hao ndiyo asili ya mchezo wenyewe. Leo nakusudia kulijibu swali ambalo wazazi kadhaa wa hapa Arusha wameniuliza kwa wasiwasi, nalo ni kwa nini mchezo unaohesabiwa kuwa halali kwa watoto wadogo umetiwa makaburi, mayatima na mauti. Jibu langu, ambalo nitalifafanua polepole, ni kwamba sehemu hizo za giza ndizo mahali ambapo mchezo hujihesabia gharama ya kukamata. Na hesabu hiyo mtoto hana budi kuonyeshwa, maadamu tumekwisha kumkabidhi mpira.

Tuanze na mnara. Katika mji uitwao Lavender, ambao mchezaji huufikia baada ya kuzoea kushinda na kujiona bingwa, lipo jengo refu lisilokuwa na duka wala uwanja wa mashindano, bali orofa juu ya orofa za makaburi ya mazimwi waliokufa, na baina ya makaburi hayo wamo watu waliokuja kuomboleza. Kwenye ngazi za juu hutokea mzuka usiotambulikana, na mazimwi ya mchezaji huingiwa na hofu yakakataa kupigana nao. Sharti kwanza apate chombo cha kumfunulia umbo la mzuka ule. Naye akishafunuliwa huonekana kuwa ni Marowak, mama aliyeuawa na genge la Team Rocket, akamwacha mwanawe yatima, kiumbe mdogo wa jamii ya Cubone, ambao husemwa kuwa huvaa fuvu la mama yao kichwani. Mchezaji aliyezoea kukamata hurusha mpira wake kama desturi, na hapo mama huyo huukwepa, kisha maandishi yakatokea kumwarifu kwamba huyu hakamatiki. Litakalofanyika ni kupambana naye mpaka roho yake itulie iende zake.

Nilikuwapo mjukuu wangu alipofika hapo, tukiwa barazani Ngarenaro, naye anachezea simu ya mama yake. Alirusha mpira, akarusha wa pili, akarusha wa tatu, kisha akaiweka simu mkekani akaniuliza, "Babu, sasa huyu ana faida gani kama hashikiki?" Sikumjibu. Mchezo ulikuwa umeuliza swali lake vizuri kuliko ambavyo ningeweza kulijibu, na baada ya kitambo aliiokota simu akaendelea, ila kwa muda alicheza kimya, jambo ambalo kwake si la kawaida hata kidogo.

Nisieleweke kwamba nalisifu kila giza lililomo. Katika daftari la mazimwi, ambalo mchezaji hulijaza kadiri anavyokusanya, yamo maelezo ya kitishio tu, kama yale ya Drifloon, puto lisemwalo kuwashika watoto mikono likaondoka nao. Hayo ni mzaha wa kutisha, na yakipungua hapotei mtu kitu. Kadhalika imezagaa hekaya ya kuwa muziki wa mji ule wa Lavender uliwaua watoto Japani. Huo ni uzushi mtupu. Lililotokea kweli ni jingine: tarehe 16 Desemba 1997 filamu ya katuni ya Pokémon ilionyeshwa katika televisheni ikiwa na mianga myekundu na ya buluu iliyomweka kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali kwa kifafa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mzazi anayetaka jambo la kuogopa na aogope mwanga wa kioo gizani, aliache kaburi la Marowak.

Wala si Wajapani waliotuanzia kuwasimulia watoto giza la namna hii. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na miongoni mwake imo ile ya Sultani Majinuni, ambayo wazee wengi wa pwani waliijua kabla ya kuiona kitabuni. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, na watu walipomshitaki Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake; akala mbuzi, akala ng'ombe, na jawabu likawa lile lile; mpaka alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo mfalme alipokiri kwamba yule si paka tena, ni nunda mla watu. Kijana mdogo wa mfalme, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, ndiye aliyetoka kumsaka. Naye, tazama ajabu, alimsaka kama mchezaji wa leo: aliua mnyama huyu akamleta kwa mama yake akiimba kuwa amemuua nunda, mama akamwambia siye, akarudi porini akaja na mkubwa kuliko yule, kuanzia mbwa hadi twiga na ndovu, na kila mara aliyeamua ni mama. Msimulizi hakuwaficha watoto walioketi mbele yake kwamba nunda alilelewa nyumbani, kwa idhini ya mwenye nyumba, na kwamba gharama yake ililipwa kwanza na maskini wenye mifugo.

Sasa tuelekee huku kwetu mlimani, maana Meru nayo ina hadithi yake ya kukamata, tena iliyozunguka dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, mwongozaji Howard Hawks alikuja Tanganyika pamoja na John Wayne kupiga filamu iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la "Hatari!". Sehemu kubwa ilipigwa Momella, kando ya yale maziwa yaliyojikusanya juu ya kifusi cha mlima wetu ulipomomoka upande wa mashariki katika zama za kale. Kisa chake ni cha watu wanaowakamata wanyama hai ili wauzwe kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Na waigizaji walifukuzana kweli na faru na twiga, mmoja ameketi kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa gari, mkononi ana ufito wenye kitanzi. Ni filamu ya familia nzima, yenye mapenzi, vichekesho, na ndovu wadogo wakipita mbio katika mitaa ya Arusha. Hata hatari yenyewe ni ya wakamataji: mwanzoni kabisa faru anamjeruhi mmoja wao, naye anakimbizwa hospitali, na sisi tunatakiwa tumhofie yeye. Aliyekamatwa hana mama, hana mwana, na akishaingizwa kwenye tundu hadithi imekwisha kumwacha. Waafrika nao wamo, lakini usemi wao ni mdogo. Jirani na hapo, hifadhi ya Ngurdoto ilianzishwa mwaka huo huo wa 1960, ikakua ikawa Hifadhi ya Arusha tunayoijua, nao faru wake wamekwisha kutoweka kwa mikono ya majangili. Simlaumu Hawks kwa dhambi ya majangili, hasha. Nasema tu kwamba filamu yake ni nyepesi kuliko mchezo wa watoto, kwani haikuweka mnara popote.

Ama mchezo wenyewe, kadiri ulivyozidi kukua, ulithubutu kuliuliza swali hili waziwazi. Katika matoleo ya Black na White ya mwaka 2010 hutokea kijana aitwaye N, aliyelelewa kwa makusudi pamoja na mazimwi walioumizwa na watu, asijue kwamba wapo waliopendwa; naye akishakua anasimama mbele ya mchezaji akimdai awafungulie wote aliowakusanya. Anayajua maneno yao, ana heshima, na hoja yake haina jibu jepesi. Lakini nyuma yake yupo Ghetsis, aliyemlea, ambaye nia yake ni kuwashawishi watu wote wayaachie mazimwi yao ili abaki yeye peke yake mwenye nguvu. Mwandishi asiye hodari angeishia hapo, akatwambia kuwa hoja ilikuwa hila na kwa hiyo ni batili. Hapa Ghetsis anafedheheka, na swali la N linabaki limesimama, wala mchezaji, pamoja na viumbe wake mamia katika mipira, hapewi hukumu ya kumfariji.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutamtazama AZ, mfalme wa miaka 3,000 katika matoleo ya X na Y ya mwaka 2013, aliyemfufua kipenzi chake aliyefia vitani kwa mashine iliyokula uhai wa mazimwi wengine, na kipenzi huyo, alipoijua bei iliyolipwa, akamkimbia.