Matembezi katika Msitu Mdogo

Msitu hausifiwi kwa ukubwa wake tu. Katika nchi ya Australia uko msitu mmoja mdogo sana, ambao mzee na mjukuu wake waweza kuuzunguka kwa muda wa saa moja, wala wasichoke. Waitwa Mary Cairncross, nao upo karibu na mji wa Maleny, katika jimbo la Queensland, upande wa mashariki. Ukubwa wake ni hekta 55 tu. Nchi ile si ya joto kabisa kama pwani yetu, wala si ya baridi kabisa, iko katikati. Udongo wake ni mwekundu wenye rutuba, uliotokana na mawe ya milima ya moto ya zamani za kale, na pepo za baharini huuletea mvua nyingi.

Haya, tuingie. Mara jua latoweka, na hewa yawa baridi yenye unyevu. Vigogo vimesimama kama nguzo, na majani yamefungana juu kama paa. Huku chini nuru ni haba. Kwa hiyo kila mmea una hila yake ya kuitafuta. Mimea itambaayo hupanda juu ya miti. Kangaga nyingine hukaa juu ya matawi, zikiyashika majani yaangukayo hata yakaoza na kuwa udongo wao. Na miti mirefu hutoa mizizi mipana kama kuta, ili isianguke.

Lakini hila ipitayo zote ni ya mti mmoja wa jamii ya mkuyu. Ndege hula tunda lake, kisha huacha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mbegu ile huota huko huko juu, na kuteremsha mizizi myembamba kama kamba. Mizizi ikifika chini hunenepa, hushikamana, na kuuzunguka mti ule uliompokea mgeni. Baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na kuoza, na mgeni husimama peke yake, ndani yake mna uwazi.

Je, mti huo ni mwovu tu? La. Matunda yake ni chakula cha njiwa na wanyama wengi. Nayo hayawezi kuzaa mbegu pasipo nyigu mdogo sana, aingiaye ndani ya tunda changa akichukua vumbi la maua. Na nyigu huyo naye hana mahali pengine pa kutaga mayai yake. Ondoa nyigu, na mti utakoma. Ondoa mti, na njiwa atalala njaa.

Tuendelee, lakini tusiiache njia. Penye nafasi iliyoachwa na mti ulioanguka huota mti uwashao. Majani yake yana vinyweleo vikali kama upupu, tena maumivu yake huweza kudumu siku nyingi. Na tunyamaze kidogo, maana kando ya njia kuna mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, amchukuaye mtoto wake katika mfuko wa tumbo. Hula majani na matunda yaliyoanguka. Akishtuka hupiga chini kwa miguu ya nyuma kuwaonya wenziwe, kisha hutoweka.

Sasa tutokapo tena juani, twaona nini? Malisho ya ng'ombe. Zamani msitu ulifunika nchi ile yote, nayo ilikuwa nchi ya watu waitwao Wajinibara. Katika karne ya 19 walikuja wakata mbao, wakitafuta mti wenye mbao nyekundu, ndugu wa mkangazi wetu. Nyuma yao wakaja wafugaji, wakafyeka yaliyobaki ili wapate maziwa na siagi. Kila mtu alikata kipande chake, na hakuna aliyedhani ya kuwa anaumaliza msitu.

Kipande hiki kilisalia kwa sababu wenyewe hawakukikata. Mwaka 1941 ndugu watatu wa kike wa jamaa ya Thynne walikitoa kwa halmashauri ya wilaya, kwa ukumbusho wa mama yao, ambaye jina lake la ujana lilikuwa Mary Cairncross, ili miti yake ihifadhiwe. Wangeweza kuiuza mbao. Hata hivyo fedha hizo zingalikwisha kuliwa siku nyingi. Msitu upo hata leo, na ndege huchukua mbegu zake na kuzipeleka mbali.

Basi nawe, kama nyumbani kwenu kimesalia kichaka kidogo penye chemchemi, usiseme, "Hiki ni kidogo, tukikate." Udogo wake ndio sababu ya kukitunza. Wahenga walisema, akiba haiozi.