MOTERE GANI KWA HIACE YETU?



Wote mnaona HiAce ya shule imesimama chini ya mwembe bila motere. Wadogo wa darasa la kwanza wamekwisha kuigeuza nyumba yao saa ya mapumziko. Na kila mtu katika uwanja amekuwa fundi: huyu anasema tutie motere ya esansi, yule anasema turbo, mwingine anasema tuuze vyuma. Mimi kama kapita niliketi na komite ya wazazi mara tatu juu ya neno hili. Bwana Prefe ameniomba niwaeleze katika gazeti letu, kwa sababu feza itakayotoka ni ya wazazi wenu. Nitaeleza, na kosa langu mwenyewe sitalificha.

Motere ya kwanza ilikufa namna gani?

Gari letu ni la mwaka 1994. Viti vya nyuma viliondolewa zamani, ndiyo maana timu ikienda Baraka, au kwaya ikienda Bukavu, tunasafiri ndani na kulala ndani. Motere yake ilikuwa 2L ya mazutu, na ilikufa katika mapando ya Ngomo, juu ya Kamanyola.

Kufika kule kuna sababu mbili. Ya kwanza ni maji. Miaka mingi radiatere ilijazwa maji yo yote: ya ziwa, ya Ruzizi, ya mtaro. Mwalimu wa Kemia ametukumbusha ya kuwa Ruzizi inatoka Ziwa Kivu na kuleta chumvi nyingi za mawe katika Tanganyika. Chemsha maji hayo kila siku katika sufuria moja, utaona ukoko mweupe chini. Ukoko ule ule uliziba vijia vya radiatere yetu, maji yakawa hayapoi tena.

Sababu ya pili ni sisi. Uvira iko karibu metre 780 juu ya bahari, na Bukavu karibu metre 1.500. Sehemu kubwa ya kupanda iko pale Ngomo. Siku ile nilikaa mbele, karibu na Papa shofere. Mshale wa joto ulipanda mpaka alama nyekundu. Papa akasema, «Tusimame, ipoe.» Nyuma wakapiga kelele: «Twende! Tutachelewa mechi!» Kazi yangu ilikuwa kuwanyamazisha. Sikuwanyamazisha, juu ya mimi pia nilitaka kufika. Tulipanda kilomita mbili tu. Kilasi, ndicho kile kifuniko kizito juu ya motere, kikapasuka. Maji yakaingia katika mafuta, na mafuta yakawa meupe kama maziwa. Mechi hatukuiona, na usiku tulilala pale pale.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu ndilo fundisho la kwanza: kabla ya kununua motere ya pili, jua kitu kilichoua ya kwanza. Usipokijua, utanunua maiti nyingine.

Njia nne zilizoletwa mbele ya komite

1. Kutengeneza 2L ile ile. Ni bei rahisi ukitazama siku ya kwanza. Lakini kilasi kimepasuka, na fundi amepima silinda akaona zimelika. Kilasi kipya, pistoni kubwa zaidi, kazi ya kuchonga silinda: ukijumlisha yote, unakaribia bei ya motere nzima. Tena ugonjwa wa kupasuka kilasi kwa joto unajulikana sana kwa 2L.

2. Motere ya esansi, kama 1RZ. Ni nyepesi na haina makelele. Lakini inakunywa zaidi katika mlima na mzigo, na haishiki kwa bwati ya vitesi tuliyo nayo. Tungebadilisha bwati, tangi na nyaya nyingi. Komite iliiacha upesi.

3. Turbo ya kisasa, 2KD, inayotumia ordinatere. Hii ndiyo niliyoitetea mimi, kwa sauti kubwa. Na si bure. Mwalimu wa Fizike anatufundisha kwamba ukipanda juu, hewa inapunguka. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila metre 1.000. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo mlima haiuogopi sana. Tena inakula mazutu kidogo.

Lakini tazameni upande wa pili. Ziwa letu lina kina cha metre 1.470, na kule chini maji yanabana kwa bar 147 hivi. Pompu ya motere ya zamani inasukuma mazutu kwa kipimo kisicho mbali na hicho. Pompu ya 2KD inasukuma kwa bar zaidi ya 1.000! Matundu ya enjekteri zake ni madogo sana. Tone la maji au mchanga kidogo ndani ya mazutu linaziharibu. Na sisi tunanunua mazutu wapi? Mara nyingi kwa kadafi, katika bidoni, kando ya njia.

Nilipomaliza maneno yangu, Papa shofere, ambaye alikuwa amenyamaza kikao chote, aliuliza polepole: «Kapita, mwanangu, hiyo motere ikizimika Luberizi saa mbili ya usiku, wewe utafungua nini?» Nikasema, «Papa, sijui.» Akasema, «Mimi pia sijui. Inataka mashini ya kuisoma, na mashini hiyo haiko njiani.» Nikaketi.

4. Ndugu wa motere yetu: 3L au 5L. Hizi zimetoka katika ukoo mmoja na 2L. Zinashika kwa bwati ile ile, na fundi ye yote wa hapa anazijua. Hazina ordinatere. Wa darasa la tatu chukueni kalamu. Silinda ya 2L ina upana wa cm 9,2 na mwendo wa pistoni cm 9,2. Eneo la duara mara mwendo, mara silinda nne, unapata cm³ 2.446. Kwa 3L upana ni 9,6 na mwendo 9,6: unapata 2.779. Kwa 5L upana ni 9,95 na mwendo 9,6: unapata 2.986. Kwa hiyo 3L inazidi ile ya kwanza kwa zaidi ya sehemu moja ya nane, na 5L kwa zaidi ya moja ya tano. Nguvu inayopotea Bukavu kwa hewa nyembamba inarudi kwa njia hii, pasipo turbo.

Mbona tusichukue 5L iliyo kubwa? Radiatere. Motere kubwa inatoa joto kubwa, na ugonjwa wetu ulikuwa joto. Tena 3L inapatikana zaidi kwa wauzaji, na piyesi zake ni nyingi. Komite ikachagua 3L, pamoja na radiatere mpya. Mzazi mmoja alitaka kukata radiatere ili kupunguza bei. Fundi akajibu kwamba bila radiatere mpya, yeye hatatia mkono wake.

Kuchagua motere sokoni

Motere hizi si mpya. Zinatolewa katika magari ya zamani ya Japani na nchi nyingine, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, halafu zinakuja kwetu kwa barabara au kwa mashua. Muuzaji ataipaka rangi nzuri. Usitazame rangi. Fundi alitufundisha mambo haya:

Soma namba iliyochongwa katika chuma. Ikiwa imesuguliwa, rudi nyumbani. Omba pia karatasi ya duani, usije ukanunua kitu cha wizi.

Izungushe kwa mkono, kwa ufunguo mrefu. Igome kwa kipimo, iachie, igome tena, mara kwa mara. Mazutu haina bujii ya kuwasha moto: inabana hewa mara 22 hivi mpaka inakuwa moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Ndiyo maana kubana ni uhai wake. Rudolf Diesel alionyesha motere yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897, na kanuni haijabadilika.

Pima kubana kwa silinda zote nne. Zikiwa karibu sawa, vizuri. Moja ikiwa chini sana, acha.

Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona kitu cheupe kama maziwa, ni ugonjwa ule wetu wa Ngomo.

Na kabla ya kuiweka garini, badilisha mshipi wa meno unaozungusha kamu, pompu ya maji na jointi za mafuta. Motere ikiwa chini, ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa ndani ya gari, ni siku nzima. Mshipi ule ukikatika njiani, valve na pistoni zinagongana, na feza ya wazazi imekwisha.

Sasa kazi yetu

Tumenunua motere iliyotumika, ambayo itadumu kwa kadiri tutakavyoitunza. Kwa hiyo komite imekubali maneno matatu. Radiatere itajazwa maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, basi. Mazutu itachujwa kwa kitambaa, na bidoni itatulia usiku mmoja ili maji yashuke chini. Wanafunzi wa darasa la tano wamepewa kazi hiyo.

La tatu nililiomba mimi, nalo limeandikwa: shofere akisema «Tusimame», tunasimama. Hakuna atakayepiga kelele, na kapita ataketi nyuma pamoja na wenzake, si mbele.

Mimi natoka mwaka huu, baada ya Egzameni ya Serikali. Safari nyingi za motere hii sitaziona. Ninyi mnaobaki, itunzeni.

Kapita wa shule, darasa la sita