Mita Tatu Ni Chumba Kimoja

Jijini Nairobi mtu akionekana na kopo la rangi kati ya vibanda, hakuna anayemuuliza anapamba nini. Alama nyekundu ya X ikishachorwa kwenye ukuta au mlango, kila mtu anajua tingatinga haliko mbali. Ndiyo maana namba nilizoziona kwenye milango ya mabati huko Viwandani, Mukuru, hazikunitoka akilini. Hazikuandikwa na serikali wala mwenye ploti. Waliziandika wakazi wenyewe walipokuwa wakihesabiana, na waliopo ndani walikubali. Kwa nini?

Aliyenieleza ni mama anayeuza omena karibu na kituo cha maji, mwakilishi wa milango kumi. Hakutaka jina lake litajwe kwa kuwa mwenye nyumba wake husoma magazeti. Alisema watu walikubali kwa sababu aliyeishika brashi alikuwa jirani. Mgeni angekuja na rangi ileile na namba zilezile, angefukuzwa kwa mawe. Lakini jirani wanamjua anapolala, wanamjua mumewe, na likiharibika jambo wanajua mlango wa kubisha. Yeye mwenyewe alianza na mlango wake, tena mchana, watu wakiona.

Msomaji anaufahamu mkasa wa Mukuru kwa jumla: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kando ya eneo la viwanda, kaya zaidi ya 100,000 juu ya ardhi ambayo tangu miaka ya 1980 sehemu kubwa yake iligawiwa watu binafsi na kampuni. Mnamo Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa hiyo kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Utafiti wa miaka kadhaa ulikuwa umetangulia, pamoja na msukumo wa Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mabanda lililoanza mwaka 1996. Vyuo vikuu, wanasheria, wahandisi na mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi manane ya kazi: maji, afya, elimu, ardhi na mengineyo. Katiba ya 2010 inadai umma ushirikishwe, na sote tumeshawahi kuuona ushirikishwaji huo: hema, viti vya plastiki, chupa ya soda, karatasi ya kutia sahihi, kisha kwaheri.

Mukuru walijaribu njia nyingine. Kaya kumi zinachagua mtu mmoja. Makundi kumi kama hayo yanaunda kundi kubwa la kaya mia, na kuendelea hivyo hadi sehemu 13 za mtaa mzima. Kwenye karatasi mpangilio huu unapendeza. Mama wa omena alinionyesha jinsi ulivyofanya kazi siku hadi siku, na hapo ndipo niliposahau chai yangu.

Wataalamu wa mipango miji huzungumza kwa mita. Yeye huzungumza kwa vyumba. Chumba cha kawaida cha Mukuru ni futi 10 kwa 10, na futi 10 ni mita tatu hivi. Kwa hiyo barabara ya mita tisa, ambayo katika vitabu vya mipango ni ya kawaida tu, kwake ni vyumba vitatu ubavu kwa ubavu. Alichukua kalamu yangu akapiga hesabu kwenye gazeti alilokuwa akifungia omena. Kata barabara hiyo kwa urefu wa mita 100 katikati ya vibanda: inameza vyumba karibu mia. Ukitaka haki, alisema, ondoa kijia kilichopo tayari, cha upana wa mita moja na nusu hivi. Bado vinabaki vyumba 80. Kila chumba ni kaya, na kila kaya kumi zina mtu wao. Basi mita 100 za barabara ni wawakilishi wanane wanaorudi nyumbani kutoka mkutanoni na kukuta hawana wa kumwakilisha.

Hesabu hiyo ndiyo aliyokwenda nayo vikaoni. Mhandisi akisema mita tisa, yeye anauliza: vyumba vya nani? Mara nyingi nimeandika habari za barabara, kilomita ngapi na shilingi ngapi, wala sikuwahi kuona kipimo kinachomweka mtu ndani yake namna hii.

Usidhani alikuwa anapinga barabara. Moto ukizuka usiku kwenye mabati, gari la zimamoto halipiti kwenye kijia cha mita moja na nusu. Linasimama nje na watu wanapokezana mitungi. Mjamzito hubebwa mgongoni hadi lami. Mama wa omena anaitaka barabara kuliko mhandisi. Alichotaka kijulikane kabla haijachorwa ni idadi ya watakaohama, na kwamba wahamie palepale mtaani. Mpango uliofikiwa ulipunguza upana wa njia nyingi chini ya vipimo vya kawaida, ukapendekeza watu wajengewe kwenda juu badala ya kusukumwa nje. Ukiutazama kwa macho ya kitabu ni mpango wenye kasoro. Kwangu mimi, kasoro hizo ndizo ushahidi kwamba kuna waliosikilizwa.

Kazi nyingine ya mwakilishi haikuandikwa popote: kupeleka habari. Vikao vilikuwa wikendi, maana wengi wanafanya kazi viwandani na wengine zamu ya usiku. Kikao kikiisha, ilimlazimu azungukie milango tisa kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu neno "barabara" likitangulia kufika kwenye duka la kona, litakuwa limeshazaa neno "kubomolewa". Habari mbaya aliitoa kwanza. Alisema watu humvumilia anayewaambia ukweli mchungu, lakini hawamsamehi aliyewafanya wachelewe kuujua.

Mtaa una redio yake pia, Ruben FM, ya Mukuru kwa Reuben. Inasikika kwenye masafa ya 99.9, na hayo ndiyo masafa ya Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho. Redio hizi za jamii zina mitambo midogo, kila moja inatosha mtaa wake, kwa hiyo zinaweza kutumia namba moja bila kugongana. Ukipanda matatu na redio ndogo mkononi, sauti ya Mukuru inafifia njiani. Ukifika Kibera, palepale ulipoacha kidude cha kutafutia stesheni, anazungumza mtu mwingine kuhusu mfereji mwingine. Magazeti kama hili letu hujisifu kwa kufika mbali. Nani mtaani anahitaji habari ifike mbali, kama mkutano ni kesho saa nane na mfereji ni ule wa nyuma ya choo?

Machi 2020 jiji lilipata mamlaka mpya, Nairobi Metropolitan Services (NMS), chini ya Mohammed Badi. Barabara zilianza kuwekwa lami Mukuru, visima vikachimbwa, mabomba ya maji taka yakalazwa. Baadhi ya kazi hizo zilifuata mpango wa wakazi. Kisha mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha na ile ya juu, Nairobi Expressway. Maelfu ya watu walibaki bila paa. Mtaa uliotangazwa eneo maalumu, wenye wawakilishi kuanzia mlango hadi mlango, ulibomolewa kama ule ambao haujawahi kukaliwa kikao hata kimoja. Nilimuuliza mama huyu vikao vile vilikuwa na faida gani basi. Alikaa akichambua omena. Kisha akasema upande wake haujaguswa, na kwamba hajui kama ni kwa sababu ya mpango au kwa sababu barabara ile haikuhitaji kupita huko.

Yapo mengine ambayo hayana jibu. Hatimiliki bado ni za watu wasioishi hapo. Wakazi wengi kabisa wa Mukuru wanakodi, na lami ikifika mlangoni, mwenye nyumba hupandisha kodi, hata kama aliyeipigania lami ni mpangaji. Katika milango kumi ya mama huyu, mingi imeshabadilisha watu tangu aliposhika brashi, kwa kodi tu, bila tingatinga lolote. Waliomchagua wengine wamehamia mbali wanakomudu. Wapya humkuta tayari ni mwakilishi wao na humuuliza aliwekwa na nani. Mama huyu hulipeleka vikaoni suala la kodi kila anapopata nafasi; wahandisi husema hilo ni la wanasheria, nao wanasheria husema ni la mwenye ploti. Mwenye ploti hajawahi kuhudhuria.