Makaa Yanayokamata Rangi

Watoto, tieni matone mawili ya wino katika chupa ya maji. Tazameni: maji yote yamegeuka rangi. Sasa sageni makaa mpaka yawe unga laini, tieni vijiko viwili ndani ya chupa, mtikise sana. Acheni mpaka kesho, kisha chujeni kwa kitambaa kizito. Mtaona ya kuwa rangi imepungua. Imekwenda wapi? Haikupotea. Imenata katika makaa. Lakini msiyanywe maji hayo!

Mwaka 1785, huko Urusi, mtengenezaji wa dawa jina lake Lowitz aliona jambo hilo hilo. Sababu yake ni nini? Ndani ya makaa mna matundu mengi, madogo hata jicho haliwezi kuyaona. Rangi inaingia humo na kushika kutani, kama vumbi linavyoshika ukutani. Mafundi wanachoma vifuu vya nazi pasipo hewa, kisha wanavipitishia mvuke wa moto mkali, na matundu yanazidi. Gramu 1 tu ya makaa hayo inaweza kuwa na kuta za mita za mraba 1000. Basi gramu 7 zingefunika kiwanja kizima cha mpira!

Kazi hii ina faida gani? Sikieni habari za Tiruppur, mji wa kusini mwa India, wanakoshona fulana nyingi. Nguo zinachovywa katika rangi pamoja na chumvi, kisha zinaoshwa. Rangi isiyoshika katika uzi inatoka na maji. Miaka mingi maji hayo yalimwagwa katika mto Noyyal. Mwaka 1992 bwawa la Orathupalayam lilijengwa huko ili wakulima wamwagilie mashamba. Lakini likajaa maji machafu yenye chumvi, yasiyofaa kwa mashamba. Mwaka 2011 mahakama kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya rangi vifungwe. Hivyo mkulima alikuwa amepata hasara, na sasa mfanyakazi naye akakosa kazi. Baadaye viwanda vikafunguliwa tena kwa sharti la kusafisha maji yao na kuyatumia tena.

Makaa yanakamata rangi, lakini hayakamati chumvi. Kwa chumvi inatakiwa mitambo mingine. Tena makaa yakijaa hayakamati zaidi. Ukiyatupa mtoni, umeurudisha uchafu ule ule.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta vitu vipya: vyenye nafasi nyingi, vya bei ndogo, vinavyoweza kusafishwa na kutumiwa tena. Wengine wanajaribu maganda ya mpunga na udongo wa mfinyanzi. Wengine wanaunganisha madini na kaboni kama nguzo na boriti za nyumba yenye vyumba vingi mno. Kwa kazi hiyo Kitagawa, Robson na Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Lakini vitu hivyo bado ni ghali kuliko makaa.

Basi kumbukeni: uchafu haufi, unahama tu. Mwenye akili anauliza daima, «Umehamia wapi?»

Maswali
1. Rangi ya wino inashika wapi?
2. Kwa nini wakulima hawakufaidi bwawa lao?
3. Makaa yaliyojaa rangi yasitupwe wapi? Kwa sababu gani?